Mwelekeo wa Paa

Januari, Ulan Bator, saa nne asubuhi.
Jua limekwisha kutoka, ila halijaonekana.
Lipo juu ya moshi, kama mgeni anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye redio kubwa.

Nina fomu mia na ishirini, penseli mbili
(wino huganda), mita ndogo shingoni,
na ramani iliyochorwa kwa macho ya setelaiti:
kila paa la jiji limepakwa rangi kwa kadiri ya jua lake.
Njano ni neema. Chungwa si haba.
Kilima hiki chote ni kijivu.
Kijivu, mkuu wangu alisema, maana yake hatujui.
Nenda ukajue.

Byambasuren, dereva, amebaki chini ya mteremko,
injini inanguruma. Akiizima leo
itawaka Machi.

Nyumba ya kwanza haina paa.
Ni hema la duara, sufi juu ya sufi,
kamba za singa za farasi zimelifunga kiunoni,
na bomba la jiko limechomoza utosini
likitema makaa ya mawe ya usiku kucha.
Fomu inauliza: Mwelekeo wa paa? Weka alama moja.
Nikalizunguka hema mara mbili. Mbwa akanizunguka mimi.
Duara halina uso wala kisogo.
Fomu inauliza: Mteremko, kwa nyuzi?

Mama Delgermaa akatoka na ndoo ya majivu.
"Unatafuta nini juu ya nyumba yangu?"
"Jua."
Akacheka, hadi kikohozi kikakipokea kicheko.
"Jua tuliliacha Dundgovi.
Kule tulikuwa na mbuzi mia tatu, na taa.
Mbuzi wakafa na baridi, wengine wamesimama,
tukahamia mjini tupate umeme.
Umeme wenyewe hukatika saa moja jioni,
kilima kizima kinapobandika chai."

Akanipeleka nyuma ya hema, kwenye lundo la makaa.
Juu ya lundo, kifuniko cheusi,
kimebanwa kwa jiwe.
"Hiki kiliwasha televisheni.
Tukitazama mieleka, jangwani, sisi na mbuzi."

Paneli.
Kona moja imepasuka. Masizi ya majira manne
yameilalia kama utando juu ya uji.
Nikaunga nyaya kwa vidole
nisivyokuwa na hakika tena kama ni vyangu.
Volti tatu. Nikaandika tatu.
"Futa hiyo," akasema.

Akachukua kipande cha sufi kikavu, akasugua
taratibu, kwa mviringo,
kama mtu anayemkanda mtoto mgongo.
Nne. Tisa.
Moshi ukaachia kidogo upande wa bonde.
Jua la huku halipandi utosini;
hupita ubavuni, likichungulia chini ya ukingo wa kofia.
Kumi na mbili.
Na baridi hii tunayoilaani, kioo kinaipenda.
Kumi na saba.
Hakuna aliyesema kitu. Hata mbwa.

"Mama, mlango wako unatazama wapi?"
Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mdomo wake uko wapi.
"Kusini. Kwani mlango wa nani hautazami kusini?"

Nikageuka.
Mteremko mzima, hema juu ya hema,
milango ya bluu, milango ya chungwa, mmoja wa kijani uliobanduka rangi,
yote imelikabili jua lile lile
bila mhandisi, bila dira,
na kwenye ramani yangu: kijivu.

Kisanduku cha mlango hakipo.
Nikaandika pembeni, herufi zikitetemeka:
*Mlango, kusini. Volti kumi na saba, baada ya kupangusa.*
Nilipoinua kichwa, alikuwa ameirudisha paneli juu ya makaa
na jiwe lile lile juu yake.
"Theluji inakuja," akasema.
"Na betri atanunua nani?"

Chini, Byambasuren akapiga honi.
Fomu mia na kumi na tisa.